Daktari Aliyengojewa na Thieta

Katika hospitali tuliyofanya kazi, upande wa Changamwe, kulikuwa na daktari ambaye wagonjwa hawakumwona. Walimjua daktari aliyewapasua, walimjua muuguzi aliyewabadilishia bendeji, walimjua hata mzee wa kusukuma machela. Huyu hawakumjua, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa ameamua mgonjwa atolewe nini na aachiwe nini. Sisi wa maabara tulimwita Daktari tu, bila jina, kana kwamba wengine wote waliovaa makoti meupe walikuwa wamekuja kutembea.

Kazi yake ilikuwa kusoma nyama ya mwili. Nieleze kidogo, maana mume wangu mwenyewe alichukua miaka kuielewa. Mwanamke anaingia thieta na uvimbe kwenye ovari. Tumbo linafunguliwa, uvimbe unatolewa, na pale pale yatakiwa ijulikane kama ni wa kawaida au ni saratani. Ukiwa wa kawaida, tumbo linafungwa, mama anakwenda zake kupona. Ukiwa saratani, mpasuaji hana budi kutoa zaidi: ovari ya pili, mfuko wa uzazi, na ule utando wa mafuta unaofunika matumbo. Kwa macho matupu nyama hizo zaweza kufanana kama mapacha. Basi kipande kinaletwa maabara mbio, mama akiwa bado amelala, tumbo wazi. Mimi nilikuwa nakigandisha kwenye mashine ya baridi mpaka kinakuwa kigumu, nakata ugamba mwembamba wa kupitisha mwanga, naubandika kwenye kioo, nautia rangi, namkabidhi Daktari. Yeye anautia chini ya hadubini, anatazama, kisha anainua simu. Neno atakalosema kwenye simu ile ndilo mpasuaji atakalolifuata.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenyeji wa Likoni. Akifika asubuhi alitundika buibui nyuma ya mlango, akabaki na mtandio, akavua viatu. Alisoma vioo miguu mitupu, nyayo juu ya sakafu, akitafuna hiliki. Nilipomwamkia alinijibu kwa swali lile lile.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Kadzo mwanangu. Mashine yanguruma au yalia?"

"Yanguruma."

"Alhamdulillahi."

Mashine ya baridi ikilia badala ya kunguruma, ilikuwa na maana kwamba haitafika baridi inayotakiwa, na siku hiyo hatukai kwa amani.

Meza yake ilikuwa aibu. Vikombe vya chai vyenye ukoko, maganda ya machungwa, chaja za simu zisizo na simu, vitabu vilivyofunguliwa vikalazwa kifudifudi. Wafagizi walikatazwa kuigusa. Lakini sanduku za vioo zilizokuwa ukutani nyuma yake zilipangwa kama misahafu, na ukimwomba kioo cha mgonjwa wa zamani alinyoosha mkono bila kutazama. Niliwahi kumuuliza iweje mtu mmoja awe na meza ile na ukuta ule. Akasema meza ni yake, ukuta ni wa watu.

Hakuvumilia uzembe wa jina. Siku moja chupa ilishuka kutoka wadi bila kibandiko, ndani yake nyama ya mtu, na hakuna ajuaye ni ya nani. Muuguzi aliyeileta alikuwa kijana mpole. Akasema kwa huzuni, "Daktari, ni mapenzi ya Mungu."

Daktari alikuwa mtu wa swala tano, hakukosa hata moja. Lakini alimkazia macho yule kijana, akamwambia, "Mungu hakusahau kuandika jina. Ni wewe. Rudi wadini ukamtafute mwenyewe mmoja mmoja, na usinirudie na dua."

Mwenyewe alipatikana. Kijana yule baadaye akawa mkuu wa wadi, na nasikia hadi leo anawafundisha wapya kuandika jina kabla ya kitu kingine chochote.

Hata hivyo, yeye mtu wa ukweli hivyo, alikuwa mwongo mkubwa wa mambo madogo. Umri wake ulibadilika kulingana na anayeuliza. Akialikwa chakula nyumbani kwa mtu, alisema "Wallahi nimeshiba, nimetoka kula sasa hivi," na tumbo linamnguruma hata mwenyeji analisikia. Alisifu mapishi mabaya. Alimwambia kila bibi harusi kwamba hajapata kuona aliyependeza kama yeye. Alisema uongo wa namna hiyo ni kama sukari, mwingi una madhara lakini chai haiwezekani bila sukari.

Mpasuaji wetu wa magonjwa ya wanawake alitoka bara, mtu mrefu mwenye haraka. Walipendana kwa kugombana. Mpasuaji alipiga simu kutoka thieta akiuliza, "Daktari, hiyo kitu ni mbaya ama?" Naye alimjibu, "Kitu hicho. Na bado nakitazama." Simu ikakatwa. Baada ya muda ikalia tena, "Daktari, mgonjwa ako wazi." Naye, "Yuko wazi. Ngoja." Idd ikifika, sinia kubwa ya halua ilipelekwa thieta kwa jina la mpasuaji. Krismasi ilipofika yeye alimletea Daktari kuku hai, naye akampokea akimlaumu mpasuaji kwamba kuku amemchafulia gari.

Nakumbuka mvutano wao mmoja. Thieta kulikuwa na msichana aliyekuwa karibu kuolewa, uvimbe kwenye ovari moja. Daktari alitazama kile kioo kwa muda mrefu, akaniomba nikate kipande kingine, akatazama tena. Simu ikalia, akaiweka kwenye spika kwa kuwa mikono yake ilikuwa na rangi.

"Mbaya ama si mbaya?" akauliza mpasuaji.

"Uko mpakani."

"Daktari, huku thieta hakuna mpaka. Nitoe ama niache?"

"Huko kwako hakuna. Huku kwenye kioo upo. Chembe zimeanza kujipanga ovyo, lakini hazijavunja ukuta. Toa ovari hiyo iliyougua. Ya pili itazame vizuri, na mfuko wa uzazi pia. Vikiwa safi viache, umfunge."

"Na ikirudi?"

"Tutamfuatilia. Ukimtoa kila kitu leo, hicho hakirudi kamwe."

Upande wa pili tulisikia vyuma vikigongana kwenye sinia. Kisha mpasuaji akasema, "Sawa. Nafunga." Msichana yule aliolewa, akajaliwa mtoto, na ule uvimbe haukurudi. Mpasuaji mwenyewe ndiye aliyetuletea habari ya mtoto, akisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kulipa faini.

Mpaka ule ndio Daktari aliousemea sana nje ya hospitali. Katika shughuli za wanawake, arusi au maulidi, akipewa nafasi hata ndogo, alisimama kuwaambia waende wakapimwe shingo ya uzazi. Watu walizoea. Mwenye harusi akimwona anarekebisha mtandio alijua kinachokuja. Huko Mtongwe, nilipofuatana naye, shangazi wa bibi harusi alimkata maneno.

"Bibi, leo ni siku ya furaha. Mambo ya saratani yatoka wapi?"

"Sijasema saratani, dada yangu. Nasema kabla ya saratani."

"Kabla yake si ni afya?"

"La. Sikiza. Makuti ya paa lako yakianza kuoza, nyumba haijaanguka. Mvua ikinyesha huenda hata usione tone. Lakini fundi akipanda juu ataona. Atang'oa yale mabovu, afume mapya, nawe ulale usingizi wako. Usipompandisha fundi, siku utakapoona mwanga ndani ni siku ya kulia. Mwili una miaka ya kuoza makuti kabla paa halijashuka. Mimi nawaomba mpandishe fundi."

Mwanamke mmoja nyuma akauliza kama kupimwa kunauma. Daktari akasema hakuumi, kunaudhi. Wakacheka, na wengine wakatuuliza ni wapi na siku gani. Shangazi alinuna mpaka biriani ilipopakuliwa.

Mtu angedhani mwenye kusema na wanawake hivyo angekuwa hodari wa wagonjwa. Sivyo. Wadini hakupanda. Kliniki hakukanyaga. Mgonjwa akipotea njia akafika mlangoni petu kuulizia majibu, Daktari alijifungia stoo ya kemikali mpaka nimwondoe. Alikuwa na sababu, na aliniambia mapema kabisa nilipoajiriwa.

"Nikishamjua mtu, Kadzo, nitamsoma yeye badala ya nyama yake. Nitaanza kumtakia heri. Na jicho linalotakia haliwi jicho tena."

Niliichukua ile kama kanuni ya kazi, na mimi pia nikajifunza kutopenda kujua. Kwetu waliingia kama namba na kibandiko, wakatoka kama jibu.

Kanuni hiyo aliivunja kwa Mama Mwende.

Mama Mwende alikuwa Mkamba aliyeishi Miritini, mshonaji katika kiwanda cha nguo. Wakati ule sisi hatukumjua hivyo. Tulimjua kama uvimbe mkubwa uliofika maabara kwenye beseni, mzito, laini, umejaa ute. Uvimbe wa ute ni msumbufu kwa kazi yetu. Sehemu moja yaweza kuwa salama kabisa, na vidole vinne pembeni kuna jambo lingine, nawe wakati mama yuko wazi huwezi kugandisha uvimbe mzima. Wachagua panapotia shaka, wakata hapo. Daktari aliupapasa kote kwa vidole, akaufungua, akachagua. Nikagandisha, nikakata. Kila kioo kilikuwa kitulivu. Akainua simu.

"Nilipopatazama ni salama. Uvimbe ni mkubwa, sikuusoma wote."

Mpasuaji akasikia neno salama. Alikuwa na haki ya kulisikia, ndilo alilolingoja. Akafunga.

Uvimbe wenyewe ulibaki kwetu. Baada ya hapo kazi huendelea polepole, vipande vingi zaidi vinatiwa kwenye nta na kukatwa kwa utulivu, na hayo ndiyo majibu ya mwisho. Siku kadhaa baadaye, mama akiwa ameshatolewa hospitali, Daktari alikaa na vioo vile asubuhi yote. Nilikuwa naosha vyombo vya rangi akaniita, sauti yake ya kawaida.

"Kadzo."

"Abee."

"Njoo utazame hapa, usiseme kitu kwanza."

Nikainama. Palikuwa na ukuta wa chembe zilizopangika, na pembeni, mahali padogo kama ncha ya kalamu, chembe zilikuwa zimeuvunja ukuta zikaingia upande wa pili, moja moja na kwa makundi.

"Waona nini?"

"Zimevuka, Daktari."

"Zimevuka," akasema. Akavua miwani akaiweka juu ya yale maganda ya machungwa.

Mpasuaji aliposhuka hakukasirika. Alisema jambo hili linajulikana dunia nzima, kwamba kugandisha kuna mipaka yake, kwamba Daktari alisema wazi kuwa hakuusoma wote. Tumwite mama kliniki, tumwambie majibu ya mwisho yametoka na anahitaji upasuaji wa pili. Hayo yote yalikuwa kweli.

"Akija kliniki atamwona nani?" Daktari akamuuliza.

"Mimi."

"Na wewe hukusema neno lile. Nililisema mimi."

"Ukienda atakulaumu wewe."

"Ndiyo maana ya kwenda."

Kesho yake tulipanda tuktuk, yeye na mimi, maana hakutaka gari la hospitali. Nyumba ilikuwa nyuma ya maghala, mlango wa bati la buluu. Mama Mwende alikuwa kitandani, mshono bado mbichi, mume wake yupo, ametoka zamu ya usiku kwenye yadi ya makontena. Walitukaribisha wakidhani tumetoka kiwandani kwake. Daktari aliketi kwenye kiti cha plastiki, akafunga mikono juu ya mkoba.

"Mama, wewe hunijui. Ulipokuwa umelala thieta, uvimbe wako uliletwa kwangu niutazame. Mimi ndiye niliyesema hakuna saratani. Mpasuaji alikufunga kwa neno langu. Jana niliutazama tena, na ipo. Ni ndogo, lakini ipo, na mara ya kwanza sikuiona."

Mama Mwende alimtazama mume wake, kisha akamtazama tena Daktari. "Kwa hivyo mlinifunga ikiwa ndani?"

"Uvimbe ulitoka mzima, haukupasuka. Tusilolijua ni kama umeacha kitu nyuma. Lazima ufunguliwe tena, tutoe yanayotakiwa, tutazame."

Mume alisimama. "Nyinyi watu mnacheza na bibi yangu. Mnapasua mtu kama gunia. Hiyo makosa ni yenu!"

Nilimngoja Daktari aseme "makosa hayo," kwa mazoea. Hakusema. Alisema, "Ni langu. Si lao."

"Wewe ni daktari kweli?" Mama Mwende akauliza. "Mbona sijawahi kukuona?"

"Ni daktari kweli. Kazi yangu iko chumba cha chini."

"Nitakufa?"

"Sijui. Ningejua ningekwambia, nisingetoka huko kote nije nikufiche. Ninalolijua ni kwamba tumeiona mapema."

Yule mama akalia bila sauti, akishika tumbo ili mshono usimvute. Mume wake akaketi kitandani kwa upande wa miguuni, hasira imemwisha, akabaki kuulizauliza mambo ya kazi, atakaa nyumbani muda gani, kiwandani wataambiwa nini. Daktari alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua alisema hayajui. Tulipoinuka alinyoosha mkono. Mama Mwende hakuupokea. Daktari akaurudisha akaagana nao kwa maneno, tukatoka.

Tulipofika barabara kuu alinunua mahamri, akayashika mapajani mpaka hospitali, akampa mlinzi wa geti.

Upasuaji wa pili ulifanyika mara mshono uliporuhusu. Safari hiyo mpasuaji hakupiga simu hata mara moja. Vipande vilishuka kwetu, na Daktari aliniomba nikate, nikate tena, hata pale ambapo mimi niliona tumetosheka. Hakukuwa na chembe iliyobaki. Ovari ya pili safi, mfuko wa uzazi safi, utando safi, maji ya tumbo safi. Alipomaliza kioo cha mwisho alikwenda kuswali, akakawia sana kwenye mkeka.

Miezi ikapita. Mchana mmoja mlinzi aliniita nje: kuna mama anataka kuona kile chombo cha kusomea. Alikuwa Mama Mwende, amenenepa, amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Nilimwingiza ndani, nikamtazama Daktari nikitegemea akimbilie stoo. Alikuwa ameshainuka kuvaa viatu.

"Karibu," akamwambia. "Wataka kuona?"

"Nataka kuona ile kitu ilinisumbua."

Daktari akanyoosha mkono ukutani, akatoa kioo, akakitia, akamrekebishia kiti. Mama Mwende akainama. Rangi zetu ni zambarau na waridi, na asiyejua huona kama ua kubwa lililotandazwa.

"Ndio hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona ni mzuri hivi?" akasema bila kuinua kichwa. "Ni kama kitenge."

"Ndiyo shida yake," Daktari akasema.

Alitazama kwa muda, kisha akauliza ni wapi hasa. Daktari akamwonyesha kwa ncha ya sindano, pale pembeni ukuta ulipovunjika. Mama Mwende akasema angekuwa yeye, mshono ulioachia hapo angeuona. Daktari alicheka, kicheko cha kweli, akasema huenda, huenda kweli. Safari hii walipeana mikono. Hadi sasa Mama Mwende yu hai, anashona, na kila akija kuangaliwa hupitia maabara kusalimia watu ambao wengi wao hawamjui ni nani.

Msinifikirie nasema Daktari alibadilika akawa mtu wa wadini. Hakubadilika. Mgonjwa wa pili aliyepotea njia alimkuta amejifungia stoo kama kawaida. Lililobadilika ni simu. Badala ya "nilipopatazama ni salama," alianza na yale asiyoyajua: "Sijautazama wote. Katika nilichotazama, sioni ubaya." Mpasuaji alilalamika kwamba amekuwa mrefu wa maneno. Daktari akamjibu kwamba aliye na haraka ajifunze kusoma vioo mwenyewe.

Alipostaafu alikataa sherehe, akasema amekula, ameshiba. Alirudi kwake Likoni. Nafasi yake ilichukuliwa na daktari kijana, mwerevu, mwenye meza safi.

Miaka michache baadaye nilikwenda kupimwa shingo ya uzazi. Nilikuwa nimewahimiza wanawake wengi nikiwa nyuma ya Daktari kwenye arusi zile, na mimi nimechelewa kuliko ilivyofaa, kama tufanyavyo sisi tunaojua. Majibu yalisema kuna mabadiliko makubwa. Si saratani. Ni kabla ya saratani, na eneo lile lazima likatwe. Nilijua kila neno la majibu yale, nilijua mpaka rangi yake chini ya hadubini. Nilikaa kwenye benchi la kliniki nikayasoma tena kutoka juu.

Kesho yake nilivuka kwa feri kwenda Likoni. Nilimkuta uani, anabishana na kuku. Alinitazama usoni, akaniambia niketi kabla sijamwamkia. Nikamweleza.

"Daktari, kioo kipo. Nitakileta. Nataka wewe ukisome."

"Sikisomi."

"Yule kijana ni mwerevu lakini si wewe."

"Ni mwerevu kunishinda, na macho yake ni mapya. Mimi kioo chako nitakitakia, Kadzo. Nitaona kile ninachotaka kuona." Akamfukuza jogoo kwa ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka. "Unakatwa lini?"

Nikamwambia. Akaniambia nikae tule, na nikasema wallahi nimeshiba, akanitazama kwa jicho ambalo lilinifanya nivute sahani.

Sikumtarajia. Lakini siku ile nilipofika kliniki alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi la nje, buibui limepigwa pasi, amevuka na feri ya mapema akapanda gari mpaka Changamwe. Mume wangu alikuwa safarini na lori, hilo alilijua. Hakuniambia pole wala usiogope. Aliniuliza kama nimekunywa chai.

Niseme mapema kwamba mambo yalikwenda vizuri. Ni kazi ndogo, sindano ya ganzi na waya mwembamba wa umeme, na kipande kilichokatwa kilipokwenda maabara kijana aliona kingo zake ni safi; kilichobaki mwilini kilikuwa kizima. Ninalotaka kulisimulia ni la pale mlangoni, kabla ya waya.

Muuguzi alikuwa msichana mgeni, hajawahi kufanya kazi na Daktari. Aliniita, nikainuka, na Daktari naye akainuka akanifuata. Nikalala kitandani, pazia likavutwa. Nilisikia yule msichana, kwa adabu, akimzuia.

"Mama, jamaa wa mgonjwa wanangoja nje."

"Naelewa. Naomba niingie."

"Wewe ni nani wake?"

Angeweza kusema ni daktari. Angetaja miaka yake katika jengo lile na pazia lingefunguka lenyewe, na kijana wa maabara angeitwa aje kumwamkia. Nilingoja aseme hivyo. Nilitaka aseme, ili aingie.

"Mimi si daktari wake," akasema. "Nimekuja naye."

Msichana akampisha. Kisha nikasikia viatu vikivuliwa, na kiti kikiburutwa mpaka karibu na kichwa changu.